Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Mama alipojikata kidole kwa mkasi wa kukatia vitambaa, bintiye alivichukua vidonge vya mama vya kutibu uvimbe akavifukia ndani ya kopo la vifungo, chini ya cherehani. Mama alimwita Kimya tangu alipoacha shule, maana hata salamu aliijibu kwa kichwa.

Daktari alikuwa ameeleza. Seli haigawanyiki hivi hivi. Ujumbe wa kukua hutoka nje, ukapokelewa kwenye kipokezi, sikio la seli. Habari hupokezwa hadi kwenye kiini, na humo protini fulani huziwasha jeni za kugawanyika. Uvimbe wa titi la mama ulikuwa na masikio kupita kiasi. Vidonge viliyaziba.

"Kumbe kama kwetu," mama alisema siku ile. "Mteja anabisha hodi, fundi anafungua karatasi ya vipimo, anakata. Huyu wa kifuani kwangu kapandwa na wazimu, anakata tu!"

Wakacheka. Kimya alitaka kuuliza kama seli nyingine nazo zitazibwa masikio, akaishia kucheka nao.

Sasa swali lilimrudia pamoja na damu. Kidole kitaungaje ikiwa seli hazigawanyiki? Zitagawanyikaje zikiwa zimezibwa masikio? Na akiziacha zisikie, uvimbe nao si utasikia? Kila alipoushika uzi huu, ule ulifumuka.

"Wewe, dawa zangu zimeota miguu?" mama aliuliza jioni. Kimya akainama kuokota pini.

Kesho yake walikwenda kliniki kufunga kidole. Daktari akauliza kama dawa zinaendelea.

"Nimezificha mimi," Kimya akasema, sauti nyembamba. "Ili kidole kipone."

"Makubwa haya!" mama akaruka. "Kidole kinipite mimi mwenyewe kwa thamani?"

Daktari hakumkaripia. "Ujumbe ni wa aina nyingi, mwanangu, na masikio pia. Vidonge vinaziba aina moja, ile iliyojazana kwenye uvimbe. Ngozi ina mengine ya kusikilizia. Mama asikose tena hata kidonge kimoja."

"Vinajuaje sikio lipi ni lipi?" Kimya akauliza.

Mama aligeuka kumtazama. Daktari akachora duara, akachora mishale. Kimya akapotea kwenye mshale wa pili.

Nyumbani alivimwaga vifungo vyote mezani, akavitoa vidonge, akasimama mpaka mama akameza.

"Umeelewa lakini?"

"Sijaelewa, mama."

"Basi tukirudi, mwulize."

"Nitamwuliza," akasema Kimya, akaanza kurudisha vifungo, kimoja kimoja.