Vitunguu vya Abner

Kila kiangazi Nyanchera alipata taabu ileile. Majani ya kitunguu mwitu alichopanda kaburini yalikauka, upepo ukayapeperusha, na mahali alipolala mwanawe Abner pakafanana na shamba lote. Mtoto huyo alikufa kwa surua mwaka wa sitini na moja, kabla ya kujua kutambaa, akazikwa nyuma ya nyumba bila jiwe wala msalaba. Nyanchera alishuka mtoni, akachimbua kitunguu kimoja, akakipanda upande wa kichwa. Mvua ya kwanza ilipolowesha ardhi kikatoa maua meupe yenye ncha sita, kama nyota.

Baadaye nyumba ile ilibomolewa, wakajenga juu zaidi, karibu na njia ya Birongo. Migomba iliyokuwa pale nayo ikazeeka, ikang'olewa. Kikabaki kitunguu tu. Kila mwaka kilizaa vingine ubavuni, na jambo hilo lilimfariji: angalau mwanawe alikuwa na wenzake.

Ndipo ikaja chai. Zachariah, mumewe, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, wala hakuwa mtu mbaya. Alipomweleza kwamba bwana shamba amechagua upande wa chini, Nyanchera alijibu kwamba chai haikatai, ila mahali pa mtoto pasiguswe na jembe.

"Weka alama," Zachariah akasema. "Mimi nitapalinda."

Kilikuwa kiangazi, jani halikuonekana. Nyanchera alichonga kigingi, akakipigilia pale alipokumbuka. Baadaye bwana shamba alikuja na kamba, akapanga vigingi vyake kwa mistari shamba zima, kila kimoja mahali pa mche.

Siku ya kulima waliita risaga, majirani wa kusaidiana, leo kwako kesho kwangu. Siku hiyo mama wa nyumba hatoki jikoni; wageni wakirudi na njaa, jina lake litatembea hadi Suneka. Nyanchera alikuwa akisonga ugali wa wimbi, moshi machoni, akisikia vicheko vya wanaume huko bondeni. Sauti ya Ombati, jirani aliyependa utani, ilivipita vyote. Alikuwa akisema bwana shamba siku ile alipitia kwenye pombe kwanza, maana kigingi chake kimoja kimetoka mstarini kama mbuzi mwizi. Watu wakacheka. Nyanchera naye alitabasamu, akageuza ugali, kisha mkono ukasimama.

Alishuka mbio, mwiko bado mkononi. Mashimo yalikuwa yamechimbwa, na katikati yake udongo wote umegeuzwa ili kung'oa magugu ya sangari, yakakokotwa huku na huku hadi mpakani.

"Ombati, kile kigingi kilikuwa wapi?"

"Kipi, mama?"

"Ulichong'oa."

Ombati alinyoosha kidole, akakisogeza kushoto, akakirudisha, mwisho akashusha mkono.

"Kwani kilikuwa cha nini?"

Zachariah aliegemea mpini wa jembe akitazama miguu yake.

Watu walipokwisha kula na kwenda zao, alimweleza mkewe. Aliona vibaya kutaja kaburi la kichanga mbele ya watu waliokuja kwa furaha. Alidhani kigingi kingesema kwa niaba yake. Kisha alikwenda kuwachotea maji waliokuwa wakilima, na aliporudi, jembe lilikuwa limeshapita. Nyanchera hakugombana naye. Yeye pia alikuwa amenyamaza. Angeweza kumwambia hata mke wa Ombati.

Kwa siku nyingi alipekua udongo kwa vidole. Aliokota vitunguu vilivyokatika, vingine huku, vingine kule, asijue vilitoka wapi. Mwishowe aliacha, akajipa tumaini moja. Kile kikubwa, kilichoota chini kabisa, labda jembe halikukifikia. Mvua ikinyesha kitachanua, naye atajua.

Chai ikapandwa, mvua ikanyesha. Asubuhi moja Nyanchera alishuka na jembe la kupalilia, akasimama ukingoni. Nyota nyeupe zilikuwa shamba zima. Kila kipande kilichokokotwa pamoja na sangari kilikuwa kimeshika mizizi, kila kitunguu kichanga kimetoa ua lake, mstari kwa mstari, mpaka karibu na uzio wa Ombati. Hakuna lililozidi jingine.

Zachariah alikuja akasimama nyuma yake.

"Chagua moja," alisema. "Tuseme ni hapo. Nitajengea mawe."

Nyanchera aliyatazama yote, moja moja, kama mtu anayetafuta uso kwenye umati. Lingine lilikuwa karibu na shimo la mwanzo, lingine lilikuwa limepinda. Akatikisa kichwa.

Zachariah aliondoka taratibu kwenda kukamua ng'ombe. Alipomaliza alimkuta palepale, jembe begani, miguu imebanwa pamoja kwenye nyasi za mpakani. Akamuuliza kama hataanza, kabla jua halijawa kali.

"Sina pa kukanyaga," Nyanchera akasema.