Mkono wa Mzee Hiza

Mzee Hiza alishuka kwenye basi la Handeni, akanunua wembe mpya pale sokoni Korogwe, kisha akashika njia ya makumbusho ya wafanyakazi wa mkonge. Binti yake, Getruda, alikuwa amemwambia kwamba mkono wake wa kulia uko huko. Wembe aliununua akijua kucha zitakuwa zimerefuka.

Zilikuwa zimerefuka kweli, za kutia aibu. Mkono ulikaa ndani ya kabati la kioo, kando ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge iliyoukata ujanani mwake. Ulikuwa mzima, ila umezeeka kama mwenyewe. Ulipomwona ulimpungia, naye akaupungia kwa wa kushoto. Chini yake palikuwa na kibao cha shaba: MKONO WA MFANYAKAZI ASIYEJULIKANA.

"Shikamoo, mzee," alisema Twaha, msimamizi wa makumbusho.

"Marahaba. Mimi ni Hiza, wa Kwedizinga. Nimefuata mkono wangu."

Twaha, kijana aliyelelewa vizuri, alimpa kiti na soda. Akamweleza taratibu kwamba mkono sasa ni urithi wa taifa, na taifa halirudishi urithi.

"Basi andikeni jina langu."

"Kibao kimeshazinduliwa na mgeni rasmi, mzee wangu. Tukikibadilisha, itabidi aitwe tena."

Lakini kabati alilifungua, maana kucha zilikuwa zimewashinda. Kila mfanyakazi wa makumbusho aliyejaribu kuzikata alifinywa. Mzee Hiza akazikata zote. Alipomaliza, mkono ulimpokonya wembe ukaanza kumkata kucha za kushoto, kazi ambayo Getruda ndiye aliyekuwa akimfanyia tangu mama yake afariki. Ulikuwa haujasahau kile kidole gumba chenye kovu. Mzee Hiza alilia, na wala hakujificha.

Twaha alimwajiri siku ileile kuongoza wageni, kwa sharti aseme mwenye mkono hajulikani. Mzee Hiza asingeukubali uongo ule kwa mshahara. Aliukubali ili awe karibu na mkono wake. Walimpa shati la sare la mikono mirefu, wa kulia umeshonwa mdomo, ili wageni wasichanganyikiwe.

Sasa wanafunzi wakija na walimu wao huuliza mkono ni wa nani.

"Mwenyewe hajulikani," anajibu Mzee Hiza, kama alivyoelekezwa.

Mkono huinuka nyuma ya kioo, ukanyoosha kidole na kumwonyesha yeye. Wageni humwomba asogee pembeni, wakapiga picha kile kidole.