Mtungi wa Akiba

Siku ya tatu ya Ramadhani ya mwaka 1999, Mzee Athumani Nzuki alizimia sebuleni kwake mjini Machakos. Daktari alimwonya kuwa mwenye kisukari cha kudungwa sindano, akirudia kufunga, huenda asiamke tena. Maalim wa msikiti naye akaja, akamsomea aya inayompa mgonjwa ruhusa ya kula. Mzee aliwasikiliza wote kwa adabu, na alfajiri iliyofuata akatia nia, akafunga.

"Ruhusa ni ya wanyonge," alimwambia mkewe, Bi Munyiva. "Mimi nimefunga tangu utotoni."

Bi Munyiva akavuka ua kumwendea jirani yao, Mwalimu Kalunde, Mkristo aliyestaafu kufundisha sayansi. Mwalimu hakuja na hoja za dini isiyo yake. Alikuja na riwaya aliyoipenda kuliko zote, ya wanaanga wawili waliokwama katika mwezi wa sayari ya mbali, hewa ikiwapungukia.

"Mwalimu, waniletea hadithi za uongo mwezi wa toba?"

"Soma, Mzee. Uongo huu una haya kuliko hiyo afya unayojisingizia."

"Na wakifa mwishoni?"

"Ukitangulia wewe, hutajua."

Bi Munyiva alijiziba mdomo asicheke.

Mzee akasoma, mwanzo kwa dharau, kisha kwa pupa. Karibu na adhuhuri, sukari mwilini ikianza kumshuka, alifika pale nahodha anapokataa kufungua mtungi wa hewa ya akiba, akidai kuwa akiba ni ya walio dhaifu. Mwenzake anamjibu: "Aliyetuwekea mtungi huu alikijua kifua cha binadamu. Ukiuacha umefungwa, unamwambia kwamba humhitaji."

Mzee aliyarudia maneno hayo kwa sauti ya chini, mara ya pili polepole. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Munyiva! Uji upo?"

"Upo, Baba Mwanasha. Upo tangu asubuhi!"

Alipiga bismillahi, akanywa kikombe kizima, akaomba kingine.

"Usinitazame hivyo. Mwambie Maalim tutalisha maskini kila siku, kama ilivyoamriwa."

"Na nahodha je, alifungua?" Mwalimu aliuliza mlangoni.

"Bado sijafika. Hebu sogea, wanizibia mwanga."

Bi Munyiva akaketi kizingitini, akimsikiliza mumewe akifunua kurasa.