Bidoni za Foleni

Pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, bidoni (dumu la maji) iliyotoboka ilikuwa na kazi yake: kukushikia nafasi bombani. Unaiweka alfajiri, unarudi nyumbani, na mlinzi akifika kufungua bomba unakuja na bidoni nzima ya kutekea. Asiye na bidoni aliweka jiwe. Madamu Sophie hakuyajua hayo. Alikuwa akitoka Likuni, nje ya kambi, kila Jumatatu kufundisha watoto wa chekechea, na kwake maji yalitoka ukutani.

Jumatatu moja akawafundisha kwamba plastiki haitupwi wala haichomwi. Kilichotoboka kikusanywe, kikatwe, kigeuke chombo kipya. Watoto wetu ni wasikivu sana, mradi anayesema si mama yao. Wakatoka darasani wakazoa bidoni zote za foleni kabla mlinzi hajafika, mawe wakayaacha.

Générose, Mkongomani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni siku hiyo. Mtoto wake mchanga aliharisha usiku kucha na nyumbani hamkuwa na tone la maji. Alipofika, bidoni yake ya njano yenye msalaba mweupe haikuwepo. Mbele kabisa lilikaa jiwe la Béatha, jirani yake Mnyarwanda, aliyekuwa wa saba.

"We Béatha, bidoni yangu iko wapi?"

"Mi sijui, mama Arlette. Nimekuta ivi."

"Umekuta ivi! Jiwe yako ilitembea na miguu?"

Mjinga mmoja akacheka. Générose akaliokota jiwe lile lile akampiga nalo Béatha mdomoni. Meno mawili yakatoka. Béatha akaanguka, akajikinga kwa mkono, jiwe likashuka tena, na sote tukasikia mfupa ukivunjika.

"Banyarwanda bote ni bezi!" mtu akapaza sauti, na ugomvi wa wawili ukapata wenyewe: Wakongomani huku, Wanyarwanda kule. Ndoo zikapasuka vichwani. Anastase, mumewe Béatha, akaja na mpini wa jembe akampasua paji mlinzi, ambaye kosa lake lilikuwa kufungua bomba tu. Msiniletee msemo wa tembo na nyasi. Siku ile hata nyasi zilipigana, na nilichukia kuwaona watu niliosali nao wakikanyaga mtu aliyelala chini.

Ndipo watoto wakatokea wakiimba, kila mmoja na kata yake mpya ya plastiki. Mbele yao alikuwa Arlette, binti wa Générose, mwenye miaka sita. Kata yake ilikuwa ya njano, yenye msalaba mweupe.

"Mama, angalia! Ilikuwa imetoboka, nimeitengeneza!"

Mikono iliyoinuliwa kupiga ikashuka. Arlette akamwona Béatha. Akaning'inia kwenye mpini wa bomba mpaka kata ikajaa, akampelekea asukutue damu.

Générose akamfuata bintiye, akainua mkono. Jiwe bado alikuwa amelishika.

Béatha akatema maji mekundu, akamvuta mtoto nyuma yake kwa mkono uliobaki mzima.

"Muache mutoto," akasema. "Leo mi nimeshapigwa kipigo ya batu bote."