Gari la Kwenda Hulugho

Siku Warsame alipostaafu kazi katika idara ya mifugo, wenzake ofisini walimpa saa ya ukutani na hotuba tatu. Mkewe Saynab alimpa wiki mbili. Alijua mume wake hawezi kukaa nyumbani zaidi ya hapo bila kuanzisha jambo. Hakukosea sana: zilikuwa siku tisa.

Kwa miaka ishirini na saba Warsame alikuwa ametibu ngamia na mbuzi wa watu kutoka Ijara hadi mpakani, na miaka yote hiyo alisafiri kwa hisani ya wengine: juu ya magunia, katikati ya kondoo, nyuma ya pikipiki za wachuuzi wa maziwa. Watu walimwita Daktari kwa heshima zote, kisha wakamwomba asogee kidogo mbuzi apate nafasi. Sasa kiinua mgongo kilikuwa kimetoka, naye alitaka gari lake mwenyewe, gari la porini lisilomwangusha mtu njiani.

"Na safari ya kwanza," alimwambia Saynab, "ni Hulugho, kwa dada yako."

Saynab alikuwa hajaonana na Arbia kwa miaka minne. Alikuwa na kibanda cha vitambaa sokoni Garissa, na kila aliyetoka Hulugho alimletea salamu za dada yake pamoja na swali lilelile: unakuja lini? Kwa hiyo maneno ya mumewe yalimfurahisha kwa dhati, akamwombea kheri.

Wa kuchagua gari alikuwa Kadar, fundi mwenye gereji nyuma ya soko la mifugo. Kadar hakuwa mtu wa maneno mengi. "Daktari, usinunue gari jipya," alisema. "Jipya lina kompyuta, na kompyuta ikigoma kule Sangailu utamwita nani? Tafuta la dizeli, ambalo dereva yeyote wa lori akifungua boneti anajua kila kitu kilipo. Tairi nzuri, spea mbili, maji, koleo. Basi."

Ilichukua mwezi mzima kulipata: Landkruza nyeupe ya zamani iliyowahi kuwatumikia wachimba visima. Kadar alilala chini yake asubuhi nzima akigonga chesisi kwa nyundo ndogo na kusikiliza kama mkunga. Akalipeleka mpaka ukingoni mwa mto na kulirudisha, akafuta mikono, akasema, "Hili litatuzika sote."

Mambo yangeishia hapo. Lakini Warsame alikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na wazungu wa Australia.

Aliwatazama kila alasiri baada ya sala, akiwa na miwani puani na daftari gotini. Walikuwa watu wanene, wenye furaha, waliovuka majangwa wakiwa na jiko, kitanda na bia baridi. Warsame alisamehe bia, mengine yote akayaandika. Kila wiki alikwenda kwa Kadar na ukurasa mpya. Kwanza bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni hadi juu ya paa, ili injini isimeze maji. Kisha winchi, mashine ya waya ya kulivuta gari lililokwama. Kisha keria ya chuma, na juu ya keria hema la kukunjua, lenye ngazi yake. Kisha taa nane. Kisha ngao nzito ya mbele, ambayo kwa maelezo ya wale wazungu iliwakinga na kangaruu.

"Sangailu kuna kangaruu wangapi?" Saynab aliuliza.

"Ni mfano tu, Mama Amran. Kwetu kuna twiga."

"Twiga nao wanagonga magari?"

Warsame aliona swali hilo halikutoka kwa mtu aliyefanya utafiti.

Wakati huo huko Hulugho watu waliendelea kuishi. Arbia alipata mjukuu, wakamchinjia mbuzi wa akika. Landkruza ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo ikisubiri springi nzito zaidi, kwa sababu zile za kwanza zilikuwa zimeanza kulemewa na keria. Kaka wa mume wa Arbia alifariki, watu wakazika na kuomboleza. Friji ilikuwa imefika lakini betri yake bado. Saynab alituma rambirambi kwa simu na akaona haya. Dada yake hakulaumu. Alisema tu, kwa upole uliouma kuliko lawama, "Abaayo, dada yangu, hilo gari mnalijenga au mnalizaa?"

Ndipo ikaja harusi ya Hinda, binti wa mwisho wa Arbia. Safari hii Saynab hakuuliza kama gari liko tayari. Alimwambia mumewe siku, akafunga sanduku, akanunua dirac mbili, zile gauni nyepesi za sherehe za Kisomali, na halua ya kutosha nyumba tatu. Asubuhi ya safari alitoka nje akiwa amejifunga vizuri, akafungua mlango wa abiria.

Hapakuwa na kiti.

Mahali pa kiti palikuwa na sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti sakafuni, na juu yake friji, imekaa kwa heshima ikitazama mbele, na mkanda umeipita kifuani. Viti vya nyuma navyo vilikuwa vimeng'olewa zamani ili droo za vifaa zipate nafasi.

"Ndani ya sanduku ni betri ya pili," Warsame alieleza. "Haikuwa na pahali pengine." Kisha akakitazama kiti cha dereva, kwa kuwa yeye pia ndio kwanza alikuwa anahesabu watu. "Nilifikiri… ukikaa kwa ubavu, hapa kwenye droo…"

Saynab aliitazama friji. Friji ilikuwa imefungwa mkanda wake. Hakupiga kelele; alitamani kupiga kelele, lakini kicheko kilimkaba kwanza, na kicheko hicho hakikuwa kizuri. Akachukua sanduku lake, akatembea mpaka kituo cha malori.

Kulow, dereva mnene mwenye ndevu za hina, alikuwa anapeleka unga na sukari Hulugho. Alimjua Saynab sokoni. Alimwambia utingo wake ahamie juu ya magunia, akakipangusa kiti cha mbele kwa kikoi chake. "Karibu, eeddo, shangazi yangu. Kiti kipo."

Walipita Bura, wakapita Masalani. Baada ya Ijara, ambako mvua ya juzi ilikuwa imeacha udongo mweusi umevimba kama unga uliokandwa, walisikia honi nyuma yao. Landkruza iliwapita taa zote nane zikiwaka mchana kweupe. Warsame hakugeuka, ila alikaa wima sana, jinsi mtu anavyokaa akijua anatazamwa.

"Huyo ni Daktari?" Kulow aliuliza.

"Ndiye."

"Ana haraka."

"Ana mwaka mzima wa haraka," Saynab alisema.

Muda si mrefu wakamkuta. Gari lilikuwa limezama mpaka ekseli, limeinamia kushoto, na Warsame alikuwa amesimama kwenye tope akiwa na waya wa winchi mkononi. Winchi ilikuwa nzima kabisa. Iliweza kuvuta tani nne. Ilichokosa ni cha kujifungia. Tayari ilikuwa imeng'oa vichaka vitatu na mizizi yake, navyo vilikuwa vimelala mbele ya gari kama maua yaliyoletwa kwa mgonjwa.

"Koleo liko wapi?" Kulow aliuliza.

"Kwenye keria. Chini ya hema. Ndani ya boksi la kufuli."

"Na ufunguo?"

Warsame alipapasa mifuko, kisha akaitazama barabara ya kurudi Garissa.

Kulow alilizunguka gari lote taratibu, akalishika hapa na pale. Alipomaliza hakucheka, na kwa hilo Saynab alimshukuru moyoni. "Daktari, gari lako si bovu," alisema. "Injini hii naijua, ningeipata mimi ningeshukuru Mungu. Limevaa nguo nyingi tu."

Basi wakalivua. Saynab alisimama mahali pakavu akaelekeza: hema, keria na taa zake, friji, betri ya pili na sanduku lake, jiko la gesi, meza ya kukunja, droo moja baada ya nyingine, vyote vikapandishwa juu ya lori. Kila kilichotoka, gari lilipanda kidogo. Warsame alibeba mwenyewe, tope mpaka magotini, na Saynab alipoona mabega yake hasira yake ikapungua, ingawa alikuwa amepanga kuwa nayo mpaka Hulugho. Kulow alikata matawi wakayatandika chini ya tairi. Warsame akawasha. Landkruza ikanguruma, ikatikisika, ikatoka kama inayoamka usingizini.

Akaruka chini, akakunja gunia tupu mara nne na kuliweka sakafuni kando ya kiti chake. Akaushika mlango wazi.

Saynab alimfanya asubiri kidogo, kisha akapanda.

Njia iliyobaki gari lilikwenda vizuri ajabu. Walifika jioni, lori likiwa mbali nyuma, na Arbia alimkumbatia dada yake mlangoni wakalia mpaka kilemba cha mmoja kikaanguka. Kwa furaha hiyo hakuna aliyekumbuka mizigo. Kwa hiyo lori lilipoingia asubuhi yake, wanawake wakiwa uwanjani wanapika, na utingo akaanza kushusha friji, taa, jiko la gesi, meza na hema zima lenye ngazi, na alipoulizwa ni vya nani akajibu kweli tupu, kwamba vimetoka kwa mume wa Saynab, vigelegele vilisikika mpaka msikitini.

Warsame alikuja mbio, akachelewa. Bibi harusi alikuwa ameshika mlango wa friji kwa mikono miwili, akilia. Baba mkwe wake, mzee mrefu mwenye fimbo, akamshika Warsame mkono na kutangaza mbele ya watu kwamba amehudhuria harusi nyingi, upande huu wa mpaka na upande ule, wala hajaona mgeni aliyeleta zawadi kama hizi. Akamtaka aseme machache.

Saynab alimwona mumewe akiitazama friji, akilitazama hema, ambalo tayari watoto sita walikuwa wamelipanda. Halafu Warsame akakohoa, akanyoosha shati.

"Vijana wanaoanza maisha," alisema, "wanahitaji vifaa vya kuaminika."

Na kwa muda wa robo saa aliwaeleza kila kifaa na matumizi yake, kwa sauti iliyozidi kupata nguvu, mpaka ikaonekana kweli kwamba tangu mwanzo alivinunua kwa ajili yao. Watu walisema hawajawahi kusikia hotuba yenye elimu kiasi hicho.

Baada ya siku tatu walirudi Garissa. Arbia alimpa dada yake godoro la kukalia, na nyuma, palipokuwa na droo, waliketi bibi wawili waliokuwa wakienda hospitali pamoja na kondoo mmoja mtulivu. Hawakukwama popote. Warsame alizima injini mbele ya nyumba, akakaa mikono ingali kwenye usukani.

"Mama Amran," alisema, "mwakani nafikiria Mandera."

"Kaoge kwanza," Saynab alimjibu, akashuka kuwasaidia wale bibi kumshusha kondoo.