Barua ya Tatu

Mwalimu wangu alizikwa Ijumaa. Jumanne asubuhi, barua yake ikafika.

Nilikuwa naomba nafasi ya utafiti baada ya uzamivu: miaka miwili ya kushughulika na algoriti tu, zile kanuni ambazo kompyuta hufuata kutafuta njia, bila kusahihisha mitihani ya watu. Zilihitajika barua tatu za wadhamini. Mbili zilishaingia. Ya tatu ilikuwa yake yeye, aliyenisimamia miaka mitano, na nilifungua ukurasa wa maombi niwaeleze kwamba haitakuja. Mbele ya jina lake palikuwa na alama ya kijani. Imepokelewa, leo, saa tatu na dakika kumi.

Mwombaji haruhusiwi kuisoma barua ya mdhamini. Niliitazama ile alama mpaka vidole vikaingia baridi.

Nilijua kinachoweza kuwamo. Wiki mbili kabla hajafariki alinipigia simu kutoka hospitali. "Mwanangu, hatua ya nne ya uthibitisho wako ina tundu. Umechukulia kwamba barabara moja ya mtandao ikifungwa, njia nyingine itapatikana tu. Na kama ndiyo pekee inayounganisha pande mbili?"

Akacheka. "Mashine haina aibu, ikikosea inasema. Mwenye aibu ni wewe."

Nilisema nitampigia. Sikumpigia. Makala yenye tundu hilo nilikuwa nimeshaiambatisha kwenye maombi, na bila hiyo sikuwa na kitu cha kuonyesha.

Mchana nilikwenda kwa mkewe.

"Umekonda hivyo! Siku hizi mnakula hesabu?"

"Shikamoo, Mama. Kuna mtu ametumia kompyuta ya Mwalimu leo asubuhi?"

"Marahaba. Nani aitumie? Tangu alazwe haijawashwa. Chumba chenyewe siingii, mwanangu. Bado. Kaangalie mwenyewe."

Ilikuwa mezani, waya wa chaji umeviringishwa pembeni. Kifuniko kilikuwa na vumbi, na juu ya vumbi hapakuwa na alama hata ya kidole kimoja. Nilirudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Siku ya usaili palikuwa na watu watatu na ubao mweupe. Mwenyekiti, mama mwenye miwani, alikuwa na karatasi aliyoilaza kifudifudi. Niliandika hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ningeweza kuiruka. Watu huruka, husema ni dhahiri, wakaendelea. Lakini nilihisi mtu amesimama nyuma yangu, karibu kabisa, na wale watatu walikuwa wameketi.

"Hapa kuna kosa," nikasema. "Mwalimu wangu aliliona. Aliniambia, nikamkimbia."

Mwenyekiti aligeuza karatasi, akaisoma tena toka juu hadi chini.

"Barua yake haitaji kosa lolote," alisema taratibu. "Amekusifu tu."

Niligeukia ubao. Kisha nikawaeleza tundu lote, mpaka muda ukaisha.

Nafasi walimpa mtu mwingine. Waliniandikia kwa upole kwamba niombe tena mwakani, uthibitisho ukikamilika. Naukamilisha, mstari kwa mstari. Nikiandika mstari wowote wa kivivu, mgongo unaingia baridi. Naufuta, nasema, "Nimeuona, Mwalimu," naanza upya.