Usubi wa Banda la Shemeji

Udongo wa kaburi la dada yangu haujakauka, shemeji akasimama mbele ya waombolezaji na kusema ugonjwa ule mkewe aliutoa kijijini kwetu. Watoto, akasema, hawatakanyaga tena kwa bibi yao. Mama alijikunja mkekani akalia bila sauti. Mimi sikulia. Niliapa atayameza maneno yale mbele ya ndugu zake.

Alisahau kazi yangu. Ninachunguza usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wanaouma na kuacha kalaazari, ugonjwa uliomuua dada: homa haikomi, bandama huvimba, mtu anakonda mpaka anakwisha. Maabara yetu ilikuwa inafuatilia wanavyoenea mjini. Niliomba mtaa wake, na mkubwa wangu, akijua fika ninachotafuta, akanipa.

Dada alikuwa analala chumba cha uani, ukuta mmoja na banda la ng'ombe. Shemeji alimhamishia huko eti anakoroma. Nilitundika mitego bandani, chumbani, na mingine kijijini.

Walionaswa tukawapima vinasaba, na vinasaba havijui shemeji wala wifi. Usubi wa kijijini walikuwa mchanganyiko, kila mmoja na ukoo wake. Wa bandani na wa chumbani walifanana kama watoto wa tumbo moja, na alama zao hazikuwepo kabisa kijijini. Walikuwa wamezaliana palepale vizazi na vizazi, na vimelea vya kalaazari tulivikuta ndani yao tu, si kwa wale wa kijijini. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu akaniuliza kulikoni.

Tukaitisha kikao cha familia, kwake. Nilieleza polepole, kila neno nikilifurahia.

"Kwa hiyo mke wangu aliumwa hapa?" shemeji akauliza.

"Hapa hapa. Kwenye chumba ulichompa."

Kaka yake mkubwa aliinamisha uso. "Watoto wataenda kwa bibi yao," akasema. "Na hilo banda livunjwe."

Shemeji akainuka atoke, akajishika ubavu wa kushoto. Shati lilimpwaya mabegani, lakini tumbo lilikuwa limejaa, na jasho lilimtiririka ilhali kulikuwa na baridi. Nilijua kabla yeye hajajua. Nilitamani kunyamaza, Mungu anisamehe, nilitamani sana.

Nikamfuata mlangoni. "Shemeji, kesho nenda ukapimwe kalaazari. Ukiwahi, inatibika."

Macho yakamlowa. "Ahsante. Pamoja na yote, umenionea huruma."

"Huruma gani? Nataka uzeeke. Watoto wakikua, uwepo wakikuuliza kwa nini mama yao alilala uani."